Hesabu ya Majani ya Sangailu

Kompyuta ilikaa juu ya meza ya kulia chakula, na tangu ilipowekwa pale watu wa nyumba ile walikula mkekani. Muslimo, mama mwenye nyumba, hakulalamika. Kwa kuuza maziwa na vitambaa sokoni Garissa alikuwa amemsomesha binti yake Hinda mpaka Chuo Kikuu, na sasa binti amerudi na shahada ya mambo ya malisho, disketi chache ndani ya sanduku la nguo, na imani kubwa kwamba elimu ile ingewafaa watu wake. Ikiwa imani hiyo ilihitaji meza, basi na ichukue meza.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Nuh, kaka yake. Aliinunua kwa Mzungu mmoja wa shirika la misaada aliyekuwa akifunga virago, na mpaka Hinda aliporudi, Desemba ile ya mwaka 1996, kazi yake kubwa ilikuwa kucheza karata na Nuh.

"Hiyo ni mashine ya starehe," Nuh alimwonya dada yake. "Ukiitwika mizigo ya Chuo Kikuu itazimia."

Nayo ilizimia kweli.

Ndani ya disketi zile mlikuwa na programu iliyoandikwa na mwalimu wa Hinda kwa miaka mingi. Kazi yake ilikuwa kuiga nyika. Iliigawa ardhi katika miraba midogo midogo, na katika kila mraba ikaotesha majani, ikayakausha, ikayalisha ng'ombe, ikateremsha mvua au ikaizuia, siku baada ya siku, mpaka mtu aone kama mwisho wa kiangazi kutabaki cha kuliwa au vumbi tupu. Chuoni iliendeshwa kwenye mashine kubwa zilizofungiwa chumba cha baridi. Hapa mtaa wa Bula Iftin, Garissa, chini ya paa la mabati, ilipewa mashine ya 386 yenye memori haba na joto la kuoka mkate. Mara ya kwanza Hinda alipoianzisha, ilikwaruza diski kutwa nzima, na jua lilipotua ilikuwa haijamaliza hata mwezi mmoja wa majani.

Pasingekuwa na haraka, angesubiri. Lakini baba yake mdogo, Adeer Dekow, alikuwa amekuja.

Dekow alikuwa mdogo wake marehemu Abdiwahid, baba yao Hinda na Nuh. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye ndevu alizozipaka hina, na kila ada ya Hinda ilipokwama, ng'ombe mmoja wa Dekow aliteremka kwenda sokoni bila maneno mengi. Sasa alikaa mkekani, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, akaitazama ile mashine kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye bado hajajulishwa kwake.

"Vuli imetupita," alisema. "Tumeonyeshwa mawingu, tukanyimwa mvua."

"Tumesikia, Adeer," Hinda akajibu.

"Kambi yetu yote itahama. Upande wa Sangailu kuna bwawa ambalo halijakauka, na sisi tumeruhusiwa malisho yanayolizunguka, sisi peke yetu. Maji yatatufikisha gu." Gu ndilo jina la mvua za Aprili. "Swali ni majani. Yatatufikisha?"

Alieleza taratibu. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kila nyumba iuze nusu ya ng'ombe wake hapa Garissa, sasa hivi, wakiwa bado na nyama mwilini, na nusu iliyobaki iende Sangailu ikashibe. Ya pili, waende wote. Wakienda wote na majani yakaisha katikati, ng'ombe aliyekonda hana mnunuzi, wala hana nguvu ya kurudi. Lakini wakiuza nusu, kisha majani yakatosha, watakuwa wamejikata mkono uliokuwa mzima, na nyumba nyingi hazingeinuka tena.

"Zamani nilikuwa nikiyatazama majani nikajua," Dekow alisema. "Miaka hii majani yenyewe yamebadilika. Nuh ananiambia mashine yako inajua."

"Mimi nilisema inajua karata," Nuh akasema.

"Nyamaza wewe," mama yake akamwambia.

Dekow hakuwasikiliza. Alikuwa akimtazama Hinda. "Inaweza kuniambia?"

Hapo msomi mwenye busara angesema atajaribu. Lakini Hinda alikuwa kijana, alimpenda baba yake mdogo, na miaka yote ya chuo alikuwa ameota kuulizwa swali kama lile na mtu kama yule.

"Inaweza, Adeer," akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Lakini itataka kujua idadi."

Muslimo aliinua birika ingawa vikombe vilikuwa vimejaa. Katika nchi ile mtu haulizwi ana mifugo wangapi, na akiulizwa hasemi. Kijicho kipo, na jambo lililotajwa kwa sauti ni kama limewekwa uwanjani kila mpita njia aliguse. Tena waliokuja kuuliza siku zote walikuwa watu wenye kalamu, na kalamu haikuwahi kuwaletea wafugaji heri nyingi.

Dekow aliweka kikombe chini, akatoka nje. Baada ya kitambo kidogo walisikia maji yakimwagika kutoka kwenye birika la udhu, ingawa ilikuwa bado mapema kwa sala ya alasiri. Kisha akamwita Hinda nyuma ya nyumba, penye kivuli cha pipa la maji, akainama akamtajia sikioni idadi moja tu: ng'ombe wa kambi nzima, nyumba zote kwa pamoja.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Usiirudie kwa mtu."

Hinda alirudi mezani. Alijua la kufanya na idadi ile. Mwaka wa tatu wa masomo yeye na wenzake walipelekwa Buna kuhesabu mifugo, na haikuchukua muda kugundua kwamba mbuzi waliotajwa na mzee walikuwa nusu ya mbuzi waliosimama nyuma yake. Mzee hakuhisi amesema uongo. Aliwakaribisha maziwa, akatabasamu, akataja idadi ya adabu. Msimamizi wao aliwafundisha kuizidisha mara mbili kila idadi waliyopewa, na matokeo yakakaribia ukweli kuliko ya wanafunzi wengine wote. Hinda mwenyewe, mtoto wa wafugaji, hakuhitaji sana kufundishwa. Akaizidisha idadi ya Dekow mara mbili, akaiandika kwenye mashine bila kusita, kama mtu anavyovua viatu mlangoni, na akaanza kushughulika na tatizo alilodhani ndilo kubwa: kuifanya programu ikimbie.

Kwanza aliinyang'anya mashine kila kisichokuwa cha lazima. Michezo ya Nuh ikafutwa kwenye diski, na Nuh akaomba ruhusa ya kuisomea dua. Akaacha kabisa kuiwasha kwa ile skrini ya picha na vidirisha, akaendesha programu kutoka kwenye skrini nyeusi yenye herufi tupu, ili memori yote iliyopo iende kwa majani. Hilo lilisaidia. Diski iliacha kukwaruza.

Kisha akaona kwamba sehemu kubwa ya muda mashine haikuwa ikikokotoa, ilikuwa ikichora. Kila siku iliyopita katika nyika ile ya kuigwa, programu ilipaka upya ramani yote, mraba mmoja mmoja, kijani na manjano na hudhurungi. Hinda alikaa na maelezo ya mwalimu wake mapajani mpaka akaipata sehemu inayoamuru uchoraji, akaibadilisha ili ramani ichorwe mwisho wa kila mwezi tu. Sasa skrini ilikaa tupu kwa muda mrefu, kialama kimoja kikipepesa pembeni, na Muslimo kila akipita aliuliza kama imekufa.

"Inafikiri, hooyo," Hinda akamjibu mama yake.

"Mbona haitikisi hata kichwa?"

Umeme nao ulikatika ulivyotaka, na kila ulipokatika nyika yote ilifutika na kuanza upya kutoka siku ya kwanza. Kwa hiyo Hinda akaifundisha programu kujiwekea akiba: kila ilipomaliza mwezi, iandike kwenye diski hali ya kila mraba, ili ikiwashwa tena iendelee pale ilipoachia. Joto lilikuwa adui mgumu zaidi. Alasiri, mabati yalipokuwa yakilia kwa jua, mashine iliganda tu, haisongi mbele wala haizimiki. Alifungua kifuniko chake chote, akaweka feni ya mezani kando, na dirishani akatundika gunia lililoloweshwa maji, kama watu wanavyofunika mtungi ili maji yapoe. Vumbi lilipoanza kuingia, Muslimo alivua garbasaar yake ya zamani, ule mtandio mwepesi, akautandaza mbele ya feni bila kuambiwa.

Yote hayo yakafanyika, na bado programu ilikuwa nzito mno. Dekow alikuwa akija kila siku baada ya adhuhuri, anakaa, anatazama skrini tupu, anakunywa chai, anakwenda. Hakuuliza kitu. Kutouliza kwake kulimwelemea Hinda kuliko maswali.

Kilichokuwa kikikosekana alikuwa akikijua tangu siku alipofungua kifuniko. Kando ya prosesa palikuwa na tundu la mraba, tupu, lenye vishimo vidogo pande zote. Hapo palikuwa mahali pa chipu ya pili, ya kukokotoa hesabu zenye desimali, na Mzungu wa Nuh hakuwahi kuinunua kwa sababu barua na karata haziihitaji. Lakini majani yote ya programu ile yalikuwa desimali: sehemu ya mvua, sehemu ya mbegu, sehemu ya mdomo wa ng'ombe. Bila ile chipu, mashine ilikuwa kama mtu anayejua kujumlisha tu, akiambiwa kugawanya anakaa chini na kurundika vijiti mpaka apate jibu. Jibu ni sahihi, ila amechelewa.

Hinda alipiga simu Nairobi kwa Ikran, rafiki yake wa chuo aliyefanya kazi penye kompyuta chakavu. Ikran akacheka, akasema mashine moja iliyokufa pale ofisini ina chipu ya aina hiyo na bosi wake atafurahi ikitolewa. Iliwasili na basi, mikononi mwa kondakta, imechomekwa kwenye kipande cha sifongo ndani ya mkebe wa mafuta ya kujipaka. Hinda aligusa waya wa ardhini kwanza, kama alivyofundishwa, kisha akaipanga juu ya tundu na kuibonyeza kwa vidole gumba viwili. Ikaingia kwa mlio mdogo uliomstua Nuh kuliko yeye.

Walipoiwasha, nyika ilikwenda. Hakuna neno jingine. Mwezi uliokuwa ukila kutwa nzima sasa ulimalizika kabla chai haijapoa, na ramani ikajitokeza, ikakaa, ikafutika, ikatokea nyingine. Muslimo aliacha kuosha vyombo akaja kusimama nyuma ya binti yake. Pale kwenye skrini lilikuwa bwawa la Sangailu, doa la buluu, na kulizunguka majani yakififia kutoka ndani kwenda nje. Hinda alikuwa na machozi, akasema ni vumbi.

Ramani ya mwisho haikuwa na cha kufurahisha. Alipokuja Dekow, Hinda aliiendesha yote tena mbele yake ili aone mwenyewe. Januari ilikuwa na manjano. Februari duara la hudhurungi lilianza kulizunguka bwawa, likatanuka. Machi, mwezi mzima kabla ya gu, miraba yote ilikuwa mitupu.

"Yanaisha," Dekow akasema.

"Yanaisha, Adeer."

Alikaa akiitazama ile hudhurungi. Hakubisha, hakuuliza mashine imejuaje. "Basi tutauza nusu," akasema. "Soko ni kesho. Nitauza mimi kwanza, wengine wafuate. Mtu hawezi kumwambia mwenzake ajikate ikiwa yeye ana vidole vyote."

Muslimo alileta sahani kubwa ya wali, wakala pamoja, mikono ikikutana katikati kwa ukimya. Ni Nuh aliyeuvunja, kwa sababu Nuh hakuweza kuvumilia ukimya wa mtu yeyote.

"Lakini Adeer, tuseme ukweli. Hata hiyo nusu utakayouza, mashine itadhani ni robo. Wewe ulimtajia Hinda idadi unayowatajia watu wa chanjo."

Dekow alimeza tonge lake kwanza. "Watu wa chanjo nina idadi yao, na serikali ina yake," akasema. "Huyu ni damu ya ndugu yangu. Kabla ya kuja hapa niliwaita watu wa kambi mmoja mmoja, nikawaambia: binti ya Abdiwahid atauliza, tusimdanganye. Kila mmoja akaninong'oneza kweli yake. Abdullahi alikataa siku mbili, kisha naye akasema. Nilitia udhu kabla ya kumtajia, ili nisipunguze wala nisiongeze."

Nuh akasema basi amenyamaza, na wakacheka kidogo.

Hinda hakucheka. Wali ulikuwa mkononi mwake na mkono ulikuwa umesimama. Yale maji ya birika alikuwa ameyasikia kwa masikio yake, na hakujiuliza ya nini. Alikuwa amemhesabu baba yake mdogo kama karani anavyomhesabu mtu asiyemjua. Ng'ombe waliokula majani ya Sangailu kwenye ile skrini, nusu yao hawakuwapo duniani.

Angelisema palepale. Sentensi moja ingetosha: Adeer, ngoja, nimekosea. Lakini ilimjia fikra nyingine, fikra ya kisomi, iliyoonekana nzuri. Hakujua bado idadi ya kweli ingetoa jibu gani. Pengine majani yangeisha vilevile. Kwa nini amvuruge mzee kabla ya kuwa na hakika? Soko lilikuwa kesho asubuhi, mashine sasa ilikuwa na kasi, angeiendesha tena na kumpelekea jibu lililokamilika. Kwa hiyo alinyamaza, akanawa mikono, na Dekow akajifunga kikoi chake vizuri akaondoka kwenda kwa ng'ombe wake waliokuwa wakilala nje ya mji.

Aliandika idadi ya kweli na kuianzisha. Ilikuwa saa ya joto kabisa. Mashine ilimaliza Desemba, ikaganda. Alilowesha gunia upya, akaisubiri ipoe, akaiwasha ikaendelea pale ilipoachia, ikamaliza nusu ya Januari, ikaganda tena. Ile chipu mpya ilikuwa na kasi lakini ilikuwa na joto lake yenyewe, na hilo hakuwa amelipima. Alikaa akiipepea kwa kifuniko cha sufuria. Karibu na magharibi, hewa ilipoanza kulegea, umeme ukakatika mji mzima na haukurudi.

"Kamwambie hivyo hivyo," Muslimo alimwambia gizani, baada ya kuambiwa yote. "Kamwambie umekosea."

"Nitamwambia nini zaidi ya hapo, hooyo? Sina jibu."

"Hakukuomba uwe malaika."

Lakini mahali walipolala ng'ombe palikuwa mbali, na Hinda akajiambia asubuhi ipo.

Umeme ulirudi pamoja na adhana ya alfajiri. Hewa ilikuwa baridi, mashine ikakimbia bila kukwama. Januari ilikuwa na kijani kilichochanganyika na manjano. Februari, manjano. Machi, hudhurungi kuzunguka bwawa, lakini nje yake pete ya manjano ilibaki, nyembamba, imeng'ang'ania. Aprili ilifunguka na ile pete bado ipo. Aliiendesha tena na mvua za gu zikichelewa kidogo. Pete ikazidi kuwa nyembamba, ikabaki. Yangetosha. Kwa taabu, ng'ombe wakiwa mifupa ya nyonga nje, lakini yangetosha.

Alikwenda sokoni akikimbia na mtandio ukimponyoka.

Soko la mifugo lilikuwa limeamka zamani. Vumbi lilisimama juu ya zizi kama paa. Alimwona Dekow mbali kwa urefu wake, amesimama na watu wa kambi, na nyuma yao lori la mnunuzi kutoka bara, mlango wake wa nyuma ukiwa wazi, na ng'ombe wakipandishwa kwa kusukumwa mikia. Mwenye lori, mtu mnene mwenye kofia, alikuwa akimsemesha Dekow kwa Kiswahili.

"Mzee, huyu mwekundu wa mwisho mbona hataki kupanda?"

"Yeye ng'ombe ya nyumbani," Dekow alijibu. "Hapana zoea gari. Wewe bole bole, hapana piga."

Hinda alifika akihema. "Adeer, usiuze."

Wote wakageuka. Dekow alimtazama, kisha akalitazama lori.

"Nimeuza jana jioni," akasema. "Mtu huyu alikuja mpaka walipolala. Tulishikana mikono chini ya shuka." Ndivyo biashara ilivyofungwa pale: mikono miwili inakutana chini ya kitambaa, vidole vinasemeshana bei pasipo mtu kuona, na vikishaachana hakuna kurudi nyuma, hata mbele ya kadhi. "Wengine bado. Walikuwa wakinisubiri nimalize. Kuna nini?"

Hinda alijua angeweza kusema kwamba mashine ilikosea. Wangeamini. Mashine hukosea, na hakuna aliyemjua mwenye kosa ndani ya mashine. Watu wa kambi walikuwa wamemzunguka, na mmoja wao, mfupi mwenye macho makali, bila shaka alikuwa Abdullahi aliyekataa siku mbili.

"Adeer, ulinitajia idadi ya kweli," akasema. "Mimi nikaizidisha mara mbili. Nilidhani umepunguza, kama watu wanavyopunguza. Nilijua tangu jana tulipokula, nikanyamaza ili nipate jibu kwanza. Nimelipata leo. Majani yatatosha mpaka gu. Kwa shida, lakini kwa ng'ombe wote."

Ng'ombe mwekundu alipanda wakati huo. Kwato zake zilisikika juu ya mbao za lori.

Abdullahi ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo tulifungua midomo yetu bure."

"Si bure," Dekow akasema.

"Tulimtajia kweli, akaitia uongo wake. Jana mashine imesema uza, leo imesema usiuze. Kesho itasema tule mchanga?"

"Abdullahi." Dekow hakuinua sauti. "Ng'ombe wako wako zizini?"

"Wako."

"Wote?"

"Wote."

"Basi huna cha kulalamikia. Amekiri kosa lake, nami namwamini; jana ungesema kwamba idadi yako uliipunguza, ningekuamini pia." Aliwageukia wenzake. "Mimi nimeshauza na biashara haivunjiki. Nyinyi hamjauza. Mmesikia alichosema, na mmesikia alivyosema. Ningekuwa na ng'ombe wangu wote ningekwenda nao Sangailu. Kila mtu na aamue kwa nyumba yake."

Walijadiliana kwa muda, kwa sauti za chini, wakichora mchangani kwa fimbo. Abdullahi alisema atauza wachache, moyo wake utulie, na hakuna aliyempinga. Wengine wakaanza kuwatoa ng'ombe wao zizini, mmoja mmoja, wakiwageuza kuelekea njia ya kusini. Hinda alisimama palepale. Alitaka baba yake mdogo amkaripie. Angekaripiwa angejua la kufanya na uso wake.

Lori liliwashwa. Dekow alikwenda mpaka kwenye mlango wake wa nyuma, akaingiza mkono kati ya mbao, akaugusa mgongo uliokuwa karibu, kisha akaurudisha. Hakungoja liondoke. Alirudi kwa Hinda akasimama kando yake, wote wawili wakitazama vumbi.

"Nusu yangu niliyouza ilikuwamo kwenye hesabu yako ya leo," akasema baadaye. "Sasa itakuwa majani ya wengine."

"Itakuwa majani ya wengine, Adeer. Yatazidi."

"Vizuri." Aliiangalia njia ya kusini. "Mkewe Abdullahi ana watoto wadogo."

Hinda alifunika mdomo kwa mtandio. Dekow alimwacha alie, akiangalia pembeni, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita.

"Nisikilize," akasema. "Wenye kalamu walitufundisha kusema nusu, nanyi mkafundishwa kuzidisha. Hilo si lako peke yako. Lakini jana, kwenye sahani, ulikuwa na neno mdomoni ukalimeza. Lile ndilo lililonigharimu. Siku nyingine ukiwa hujui, njoo useme hujui."

"Ndiyo, Adeer."

"Nenda nyumbani. Mwambie mamako tutaondoka kesho, na usiku huu nitakula kwenu."

Alishika fimbo yake akawafuata wenzake. Hinda alirudi Bula Iftin kwa miguu, polepole, jua likimpanda mabegani. Muslimo alikuwa mlangoni tangu binti yake alipotoka, mikono imeloa.

"Alikuwa ameshauza," Hinda akasema. "Wake tu. Wengine wanakwenda na karibu ng'ombe wao wote."

"Amesema nini?"

"Amesema atakula hapa leo."

Muslimo akaingia ndani, akachukua sufuria kubwa kutoka juu ya kabati, akamwambia Nuh aitoe mashine mezani, aiweke sakafuni pembeni, mzee apate mahali pa kulia chakula.